Anayetaka kuhama naye ana haki

KIBARAZANI na Salma Mbaruku

Habari za nyumba za umma zikitajwa, tunakimbilia madeni: nani hajalipa, nani atatolewa vyombo nje. Mpangaji anayelipa vizuri ila nyumba haimfai tena, hatumuulizi.

Yupo bibi wa ghorofa ya nne, magoti yamekataa ngazi, na jengo halina lifti. Ipo kaya iliyoingia watu wawili, leo wako saba. Wanaandika barua, inapokelewa, inagongwa mhuri, kisha kimya. Asiye na mtu ofisini anasubiri. Mwenye haraka anatoa kilemba kwa anayetoka na kuingia usiku na magodoro, huku mkataba ukibaki na jina la mtu aliyekwishahamia Mbagala, pengine aliyekwisha kufa. Ukaguzi ukija, ndipo anapojua kuwa fedha zake zilinunua hewa.

Wanaohamishwa na serikali yenyewe nao hali yao si nyepesi. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zao zikabomolewa. Kilichowarudisha ni agizo la Rais Magufuli mwaka 2016, kwamba wajengewe na wakae miaka mitano bila kodi. Wakala wa Majengo ukajenga, Rais Samia akazindua Machi 2022. Nawapongeza, na wamestahili. Lakini ni takriban miaka kumi ya kupanga huku na kule, na haki ya kurudi haikupaswa kungoja huruma ya Ikulu.

Uingereza, sheria ya makazi ya 1985 inawaruhusu wapangaji wa halmashauri kubadilishana nyumba. Mwenye nyumba ana siku 42 za kujibu, na sababu za kukataa zimeorodheshwa. Mojawapo ni nyumba kuwa kubwa mno kwa anayeitaka. Tusiige kila kitu, lakini. Mwaka 2013 walianza kukata ruzuku ya kodi kwa asilimia 14 kwa chumba kimoja cha ziada, na 25 kwa viwili au zaidi, wakati nyumba ndogo za kuhamia hazikuwepo za kutosha. Huko ni kumwadhibu mtu kwa kukosa pa kwenda.

Mimi ningeanzia chini, kwa maana halisi: nyumba ya ghorofa ya chini ikiwa wazi, wazee na walemavu waliomo jengoni waulizwe kwanza, kabla ya mpangaji mpya. Orodha ya maombi ibandikwe kwa namba, kila mtu aone foleni inavyosogea. Mwenye nyumba anayewahamisha watu kwa ajili ya ukarabati agharimie lori, na haki ya kurudi iandikwe kwenye mkataba kabla sanduku la kwanza halijafungwa. Mwenye deni naye asifungiwe mlango moja kwa moja. Anayeshindwa kodi ya vyumba vitatu huenda akaimudu ya kimoja, na shirika likapata chake.

Shirika la Nyumba, Wakala wa Majengo na halmashauri zote: utaratibu wa kuhama kama upo, ubandikeni kwenye ngazi za kila jengo. Kama haupo, uandikeni mwaka huu.