Njia ya Baiskeli Irudishwe kwa Wenyewe

Mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata pia kitu ambacho wakazi wengi hawajakidai kuwa chao, nacho ni njia ya baiskeli iliyojengwa kando ya barabara kwa fedha za umma. Leo sehemu nyingi za njia hiyo zimegeuzwa vijiwe vya bodaboda, maegesho ya magari na mahali pa kupanga meza za matunda, huku mwendesha baiskeli akisukumwa katikati ya malori. Aibu hiyo imeonekana wazi asubuhi za hivi karibuni: abiria wamefurika kituoni wakigombea basi lililojaa hadi mlangoni, na hatua chache kutoka hapo kijana mwenye baiskeli ya Phoenix, trei za mayai zimefungwa kwa mpira kwenye keria, amelazimika kushuka na kujipenyeza kati ya pikipiki zilizopangwa juu ya njia yake, kisha yeye ndiye akafokewa kwamba anasumbua watu.

Sababu zinajulikana: usimamizi umelegea, na baiskeli inadharauliwa kuwa chombo cha maskini. Lakini lawama haziishii kwa askari na halmashauri, kwani zinamhusu kila aliyeegesha hapo "dakika mbili tu" na kila aliyepita akanyamaza. Mjini Tanga karani, fundi na mama atokaye sokoni hupanda baiskeli bila kuona haya. Wa Dar es Salaam anapata heshima gani kwa kusimama saa nzima kituoni?

Kutoka Magomeni hadi Kariakoo ni kilomita chache tu, ambazo mpanda baiskeli asiye na haraka huzimaliza kabla ya nusu saa. Asiye na akiba anaweza kupata baiskeli ya mtumba kwa njia ya upatu, yaani mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea fungu zima zamu yake ifikapo. Kabla ya kulipa, mnunuzi akague fremu kama ina ufa au imewahi kuchomelewa, azungushe magurudumu aone kama ringi zimepinda, abane breki zote mbili. Kiti kilichochanika kisimtishe, maana hicho, pamoja na mnyororo na pancha, ni kazi ndogo ya fundi wa mtaani.

Anayepita peke yake hufokewa, bali thelathini wakipita pamoja saa kumi na mbili asubuhi hupishwa. Kwa hiyo wakazi wa Ubungo, Manzese na Magomeni wapatane kuondoka kwa makundi, waajiri watenge mahali salama pa kufungia baiskeli, na UWABA, umoja wa waendesha baiskeli ambao umelipigania suala hili kwa miaka mingi, usiachwe upaze sauti peke yake. Waendesha bodaboda nao wanatafuta riziki, hivyo watafutiwe vijiwe vingine. Mamlaka zinajua pa kuanzia zikitaka. Na zisipotaka, mwenyekiti wa mtaa aulizwe mbele ya wananchi kwenye mkutano wa hadhara ni nani aliyeruhusu njia ya umma izibwe, aulizwe tena mkutano ufuatao, na asiachiwe kufunga kikao kabla hajajibu.