Tisheti si mshahara: HELB, ziwa na digrii ya ekolojia

KUCCPS wakifungua dirisha la kuchagua kozi, kelele huwa mbili. Ya kwanza: "Fuata moyo wako, pesa itakuja yenyewe." Ya pili: "Ekolojia? Kwani utakula majani?" Leo nagombana na wote wawili. Lakini zaidi nagombana na kundi la tatu, ambalo halipigi kelele kabisa kwa sababu mambo yakibaki hivi yanawafaa. Ni wale wanaochukua vijana wenye digrii, wanawatuma ziwani kufanya kazi ya kisayansi, kisha wanawalipa tisheti.

Tuanze na hesabu, maana ukianza na hisia hapa utapotea.

Waliotutangulia, kama serikali ilikuwa inakulipia, karo ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka. Mzazi anauza omena, anauza kuku wawili watatu, inatoka. Tangu 2023 tuko kwenye mfumo wa bendi tano. Ukiwa bendi ya kwanza, yaani nyumbani hakuna kitu, serikali inakufadhili asilimia 70 ya gharama, asilimia 25 ni mkopo, na 5 inatoka nyumbani. Bendi ya tano ni 30, 30 na 40. Mwisho wa 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na wewe katikati ya hayo yote bado unatakiwa kulipa room.

Sasa weka mkopo wa matumizi kando. Bendi ya kwanza ni Sh60,000 kwa mwaka. Mara miaka minne, hiyo ni Sh240,000, na hatujagusa mkopo wa karo. Kwa hivyo nikisema umemaliza na deni la Sh300,000, sijazidisha chumvi.

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa laki tatu, ni Sh12,000. Hapo siwezi kulia, Fuliza imetufanyia mabaya zaidi. Shida iko kwingine. Unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza, halafu ukikosa kulipa unapigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe: Sh60,000 kwa mwaka. Faini ni mara tano ya riba!

Na nani anapigwa hiyo faini? Mwenye kazi ya maana anakatwa kwenye payslip kabla hajaiona pesa, ata akitaka kukwepa inakuwa ngumu. Anayebaki kupigwa kila mwezi, mara nyingi, ni yule hajapata kazi. Mnaita faini ya kuchelewa. Mimi naiita faini ya kukosa kazi.

Kuna habari njema kidogo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zote zikijumlishwa zisizidi deni lenyewe. Kwa hivyo laki tatu yako haiwezi kufika milioni. Itasimama kwenye laki sita. Omera, laki sita ya nani?

Halafu tangazo la kazi ya serikali likitoka, wanataka cheti cha KRA, cha EACC, cha tabia njema kutoka DCI, cha CRB, na cha HELB. Yaani ili upate kazi ya kulipa deni, onyesha kwanza kwamba umelipa deni au umeanza kulipa. Hapo ndipo wengi wa darasa langu wamekwama, wengine wanaendesha boda Kondele, wengine wako Nairobi wanauza laini za simu.

"Si nilikuambia ekolojia haina soko." Ngoja.

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini hiyo sita ina shida za kutosha bara zima. Gugumaji liliingia upande wetu mwanzo wa miaka ya 1990, likafunga gati na fuo mpaka mvuvi akawa anasukuma mtumbwi kama anasukuma mkokoteni shambani. Unajua nini kilisaidia kulipunguza? Wadudu. Mbawakawa wadogo wanaokula gugumaji na hawataki mmea mwingine. Walianza kuachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, wakalidhoofisha, na mawimbi na mvua za El Niño zikamalizia kazi. Mtu fulani alikaa akahakikisha hao wadudu hawatageukia mahindi ya nyanya yako. Mtu fulani akawafuga, akawahesabu, akarudi kuangalia kama wameshika. Hiyo ndiyo ekolojia. Na gugumaji bado linarudi kila likipata mbolea ya mashamba na maji machafu ya mji.

Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 bila mtu kupiga hesabu vizuri, akala furu mpaka aina nyingi sana zikapotea. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, Dunga maji yakaingia manyumbani, Nyando watu wakalala shuleni. Mwaka 2022 samaki wa vizimba wakafa kwa wingi hapa Kisumu, watu wakapoteza mtaji wa miaka kwa siku chache, na wataalamu wakaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka majini. Oksijeni hupimwa kwa kifaa unachokishika kwa mkono mmoja. Anayejua kukitumia na kuelewa namba inamaanisha nini ni huyu huyu mnayemcheka.

Kwa hivyo kazi ipo, imejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuilipia.

Njoo tarehe 2 Februari, siku ya ardhi oevu, au 5 Juni, siku ya mazingira. Utaona basi, bango, hema, spika. Mheshimiwa anapanda mche mmoja, picha ishirini. Vijana waliosoma miaka minne wanaokota chupa za plastiki kwenye mafunjo, jioni wanapewa tisheti, soda na cheti cha kushiriki. Hiyo ya kuokota sina shida nayo sana, kila mtu aokote. Ninachochukia ni inayofuata: "Kuna mradi, tunatafuta wa kujitolea, miezi sita, tutasaidia nauli." Na kazi yenyewe si kuokota chupa. Ni kuchukua sampuli za maji saa kumi na mbili asubuhi, kutambua mwani kwenye hadubini, kuingiza data, kuandika ripoti ambayo jina lako halipo.

Angalia mtumbwi ukiondoka Dunga kwenda kuchukua hizo sampuli. Mwenye boti amelipwa. Petroli imelipwa. Dereva wa boti ana posho yake, na hajapiga stata kabla ya kuiona kwenye simu. Mtu pekee kwenye huo mtumbwi asiyelipwa ni mwenye digrii. Na dereva yuko sahihi kabisa! Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida katika jiji la Kisumu, kilipopandishwa mwishoni mwa 2024, kilifika Sh16,113 na senti zake kwa mwezi. Kibarua, bila cheti chochote. Sasa wewe "nauli" yako ni ngapi?

Wanasema unapata uzoefu. Sawa, mwezi mmoja, miwili, nakubali. Ukiwa wa tatu kwa kujitolea kwenye mradi wa tatu, wewe si mwanafunzi tena, wewe ni bajeti iliyookolewa.

Kwa wewe unayechagua kozi sasa hivi, mapenzi ya ndege na viboko hayatoshi. Kuna mahali pesa iko na hawakuambii mwaka wa kwanza. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mingi ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na ukaguzi baadaye, na ripoti lazima iwe ya mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Hoteli, kituo cha petroli, vizimba vya samaki, wote wanahitaji sahihi hiyo. Unaanza chini ya mtaalamu mkuu, unapanda. Uliza chuo unachotaka: ramani za kompyuta mnafundisha? Takwimu mnafundisha kweli ama ni kupita mtihani tu? Atachimenti watu huenda wapi? Kama mwalimu anajibu kwa kukohoa, chukua kozi nyingine. (Na jifunze kuogelea. Kuna watu wana digrii ya viumbe wa majini na wanaogopa maji ya magoti. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Lakini siwezi kuwaachia vijana mzigo wote ati "chagueni vizuri". Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni tunaingia kwenye mtandao wa KRA kujaza ripoti ya kodi, na asiye na kazi anajaza sufuri. Sufuri! Umeiambia serikali kwa PIN yako, kwa maandishi, kwamba hukupata shilingi. Upande mwingine HELB, serikali hiyo hiyo, inakupiga Sh5,000 ya mwezi huo huo. Uingereza mkopo wa chuo hukatwa asilimia 9 ya kile unachopata juu ya kiwango fulani. Usipofika kiwango, hulipi mwezi huo, na hakuna mtu anakufukuza na faini. Sisi data tunayo tayari. Zimekaa ofisi mbili, Nairobi moja.

Sheria ya HELB ni ya 1995, na Bunge linaweza kuibadilisha. Wabunge wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia mko wengi wa kutosha kuleta mswada wenye kifungu kimoja: mwenye ripoti ya sufuri KRA asitozwe faini ya HELB mwaka huo. Mkiwa huko, ongezeni cha pili, kwamba mradi wowote wa utafiti ziwani usipewe kibali bila bajeti ya kulipa wasaidizi angalau kima cha chini. Mwezi wa sita mtakuja ufuoni kupanda miche. Tutawauliza mswada uko wapi.