Shabaha Kwanza, Upinde Baadaye



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, leo naomba tuzungumze kuhusu watoto wetu na mchezo wa kurusha mishale. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili asitokee mtu akadhani namnyooshea kidole.

Likizo moja nilimnunulia kijana wangu upinde. Fedha niliyokuwa nimeiweka ikaishia yote kwenye upinde na mishale sita, shabaha hatukuwa nayo. Tukapanga maboksi matupu matatu upande wa chini wa ua, tukaona yanatosha. Wanaoijua Nyamirambo wanajua nyumba zetu zilivyopandana mlimani: ua wa huyu uko juu ya bati la yule. Siku ya tatu maboksi yalikuwa yametoboka kama chujio. Mshale ukapita ndani yake, ukaruka ua, ukaenda kuanguka kwa jirani wa chini, kwenye mkeka alioanika maharage. Alhamdulillah hapakuwa na mtu. Mama wa watu akapanda ngazi na mshale mkononi, akaniambia kwa upole, "Jirani, mgeni wenu amepotea njia."

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile. Upinde ukapandishwa juu ya kabati, kijana akarudi kwenye simu yake.

Nimelifikiri sana jambo lile, na maoni yangu ni haya: kosa halikuwa la mtoto wala la upinde. Sisi wakubwa tulianzia mwisho. Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze kulenga, atengeneze shabaha kwanza, tena shabaha nzito na ya kudumu. Upinde utafuata, hata ukiwa wa kuazima.

Tunapenda kukumbushana kwamba Mtume (s.a.w.) alihimiza kurusha mishale, na hilo limethibiti katika hadithi sahihi. Lakini mara nyingi tunaishia kwenye fadhila, tunasahau kudumu. Katika Sahih Muslim imo habari ya Uqba bin Amir (r.a.). Alikuwa mtu mzima sana, naye akiendelea kwenda na kurudi kati ya shabaha mbili, mpaka akaulizwa kwa nini anajitaabisha hivyo na umri umekwenda. Akaeleza kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akimkemea vikali mwenye kujifunza kurusha mishale kisha akaacha. Tazameni, habari ile haitaji bei ya upinde wake. Inataja shabaha mbili na mzee asiyeacha mazoezi. Sasa mtoto wetu atadumu vipi ikiwa shabaha yake inakufa siku ya tatu?

Waturuki wa zama za dola ya Othmaniya walikuwa na uwanja mkubwa wa mishale kule Istanbul, unaoitwa Ok Meydanı. Pamoja na hayo, mwanafunzi alizoezwa kwanza kurusha kwa karibu kwenye mfuko ulioshindiliwa, waliouita torba, yaani mfuko tu. Basi mtu asione haya kuweka gunia la matambara uani kwake.

Gunia lenyewe tulilitengeneza hivi:

1. Tafuta viroba viwili vikubwa vya kilo 100, vile vya plastiki iliyofumwa vinavyowekewa mahindi au mchele. Chopeka kimoja ndani ya kingine. Nyuzi zilizofumwa husogea mshale unapopita, hazikatiki upesi.

2. Kusanya matambara. Kwa mafundi cherehani wa mtaani vipande vya vitenge hubaki kila siku, na wengi wao hufurahi ukiwaondolea. Ongeza mashuka na nguo zilizochakaa. Kata vifungo vyote, zipu na kulabu. Usilidharau hili, kwani mshale ukigonga chuma hupinda ncha au hurudi ulikotoka.

3. Jaza tabaka kwa tabaka, uanzie kwenye pembe. Kila tabaka ingia ukanyage kwa miguu. Hapa ndipo watoto watakapokusaidia kwa furaha! Likishajaa, unene wake usipungue shibiri mbili, yaani sentimita 40 na zaidi kidogo. Kinachousimamisha mshale ni kubanwa na kitambaa pande zote. Gunia legelege litaupitisha kama maboksi yangu.

4. Shona mdomo kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni. Litakuwa zito, kwa hiyo funga kamba za kubebea pembeni.

5. Liinue juu ya mbao au matofali lisiguse ardhi, na lifunike kwa turubai. Mvua zetu za Machi hadi Mei hazina huruma. Matambara yakilowa huoza, na jua kali nalo hulila plastiki ya kiroba.

6. Chora miduara midogo mitano kwenye kitambaa, kisha ukishonee mbele ya gunia. Watu wengi huchora mmoja mkubwa, gunia likafa katikati huku pembeni likiwa jipya. Miduara mitano hugawanya mapigo. Usichore mnyama wala mtu. Mtume (s.a.w.) alikataza kabisa kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, nasi hatutaki mtoto azoee hata picha yake.

Baada ya wiki kadhaa matambara yatashuka na juu patabaki wazi. Fumua, ongeza, kanyaga, shona tena. Kiroba cha nje kikichakaa, vika kingine juu yake. Matambara ni yale yale. Kwa hiyo gharama yetu ni viroba na uzi, na nguvu za miguu.

Gunia hili ni kwa pinde za wanafunzi, za ratili 15 hadi 25, na mishale yenye ncha za kawaida za mazoezi. Mishale ya kuwindia yenye makali ubavuni italichana. Kabla ya kumkabidhi mtoto, mtu mzima arushe mwenyewe kwa karibu, kisha aende nyuma kutazama. Ukiona ncha imetokeza, bado halijashindiliwa.

Pamoja na hayo yote, gunia peke yake halitoshi. Mtoto atakosea, maana ndiyo kujifunza kwenyewe, na mshale uliokosa gunia lazima upate mahali pa kuishia. Sisi watu wa milimani tumepewa neema: upande wa juu wa ua mara nyingi kuna ukingo wa udongo. Weka gunia hapo, mtoto arushe kuelekea mlima. Kamwe asirushe kuelekea bondeni kwenye mapaa ya watu. Aanze hatua tatu tu kutoka kwenye gunia, bila hata duara, ajifunze kusimama, kuvuta na kuachia. Watu wote wakae nyuma ya mrushaji, na asiende mtu kuchomoa mpaka upinde wake uwekwe chini. Wenye ua usio na ukingo wala ukuta mzima watafute uwanja salama, au wangoje.

Wajulisheni majirani pia, na kiongozi wa mudugudu. Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamdhuru Mwislamu. Ikiwa mshale uliotulia mkononi umewekewa adabu hiyo, je, ule unaoruka?

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya kizamani, mtoto asome. Mimi nasema nusu saa baada ya Alasiri haimnyimi mtoto masomo. Inamfundisha kutulia, kupumua na kukiri kosa lake mwenyewe, kwa sababu mshale hausingiziwi. Wala si mchezo wa kigeni. Hapa Rwanda wazee walikuwa na mchezo wao wa kumasha, na umuheto si jina geni kwa bibi zetu. Wengine husema ni wa wavulana. Binti yangu ndiye aliyeshona mdomo wa gunia letu, na nyumbani anafanya mazoezi kwa stara yake bila kuhitaji ruhusa ya klabu. Ndiye sasa anayempita kaka yake kwa kulenga.

Gunia letu limemaliza mwaka wa pili, na viroba vya nje tumebadilisha mara mbili. Lilipokamilika, kabla hatujarusha mshale wa kwanza, nilimwita yule jirani wa chini aje alione. Akalizunguka, akalipiga teke, akatazama ukingo wa udongo nyuma yake. Kisha akauliza kama wanawe wawili wanaweza kuja Jumamosi. Wanakuja mpaka leo.

Basi ndugu zangu, mlioko Kigali, Bujumbura, Bukavu na kwingineko, kabla ya kuuliza bei ya upinde, ulizeni kwa fundi cherehani kama ana vipande vya kutupa. Allah atujaalie watoto wenye nguvu, wenye subira na wasiowaudhi majirani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.