Uzalendo wa Kijana na Barua ya Sumbawanga

Kijana aliyehitimu ualimu anapopokea barua ya kupangiwa kituo cha kazi na kukuta imeandikwa Sumbawanga, mara nyingi nyumba nzima huingia simanzi. Mama huuliza huko ni wapi. Wajomba huanza kumtafuta mtu wanayefahamiana naye wizarani. Kisha huletwa habari za uchawi, eti kwa kuwa jina la mji lenyewe hutafsiriwa kuwa "tupa uchawi". Ajabu ni kwamba wasemao hayo hawajiulizi: mji unaomwamuru mgeni autupe uchawi wake una kosa gani?

Uzalendo wa vijana umezoea kuzungumzwa majukwaani, penye bendera na wimbo wa Taifa. Hapo kila mtu ni mzalendo. Mahali pa kuupima ni pale barua ile inapofunguliwa.

Jambo hili si geni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Taifa kwa mujibu wa sheria, yakiwamo makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao vijana karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakubwa wengi hupenda kukumbusha habari za vijana waliofukuzwa. Habari za mshahara uliopunguzwa hazitajwi sana, ingawa ndizo zilizompa Mwalimu kinywa cha kuwasemea vijana wale.

Miaka minane baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo mwisho wa mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa, wakawa wanafundisha huku wao wenyewe wakijifunza ualimu, baadhi ya masomo wakiyapata kwa redio. Wapo waliowacheka, na upungufu wa elimu yao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo walikaa vijijini, na mbele ya darasa pakawa na mtu.

Mwaka huo huo wa 1974 ndipo Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa. Nyanda za juu za Ufipa, ambako mababu walifukia majani katika matuta ya mviringo yaoze yawe mbolea kabla Bwana Shamba yeyote hajafika kuwafundisha, ziliufanya mkoa huo kuwa miongoni mwa mikoa minne iliyosifika kwa kulilisha Taifa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Leo lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, na kisingizio cha barabara kuu kimekwisha. Lakini mtumishi hapangiwi mjini tu. Ipo Mtowisa, chini kabisa bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Ipo Kirando, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Huko ndiko baadhi ya walimu vijana huripoti, hupokea fedha za kujikimu, na kabla muhula haujaisha huwa wamekwisha kuandika barua ya uhamisho, huyu kwa sababu ya ndoa, yule kwa ugonjwa usioonekana. Tabia hiyo ni ya aibu, wala haifai kupambwa. Lakini kumlaumu kijana peke yake ni uonevu. Afisa anayekalia jalada la madai yake, akamwacha mwalimu mgeni akope unga kwa wazazi wa wanafunzi wake, naye amekwisha kupimwa uzalendo na ameshindwa, tena akiwa kivulini.

Wakati jalada hilo linasubiri sahihi na mwalimu anasubiri uhamisho, mtoto wa Kifipa ameketi darasani na daftari lake la hisabati. Baba yake ameshafunga magunia ya mahindi, nayo yamekwenda kuwalisha wote wawili.