Adabu ya Kuandika "Sikukiona"

Michezo mingi ya wanadamu ina mwamuzi, na ile isiyo na mwamuzi aghalabu ina watazamaji ambao macho yao peke yake hutosha kumtia mchezaji adabu; lakini uko mchezo mmoja, uliozaliwa Marekani na kuenea Ulaya na kwingineko, ambao mchezaji wake huwa peke yake kichakani, hana wa kumpulizia filimbi wala wa kumzomea, na akisha kurejea nyumbani ni yeye mwenyewe atangazaye kuwa amefuzu au amekosa. Mchezo huo huitwa jiokashingi. Mtu huficha chombo mahali, hutangaza tarakimu za latitudo na longitudo za mahali hapo, na wengine, wakiongozwa na kipokezi cha setilaiti kilichomo katika simu zao, hutoka kukitafuta. Akipataye hutia jina lake katika daftari iliyomo ndani, hukirudisha kama alivyokikuta, na baadaye huandika habari zake tovutini ili wenzake wasome. Nia yangu leo ni kuzungumza juu ya maandishi hayo, kwa kuwa naona heshima yote ya mchezo imetundikwa juu yake, na kwamba neno lenye thamani kuu katika maandishi hayo si lile la ushindi.

Historia yake ni fupi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani, kwa amri ya Rais Bill Clinton, iliondoa kosa la makusudi lililokuwa limetiwa katika ishara za setilaiti zinazopokelewa na raia, na vipokezi vilivyokuwa vikikosea kiasi cha mita 100 vikawa sasa hukosea mita 10 au 20 tu. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatia ndani yake vitabu, manati, mkebe wa maharage na vikorokoro vingine, pamoja na daftari ya kuandikia. Na sharti lake lilikuwa jepesi, kwamba afikaye achukue kitu, aache kitu, na aandike. Mike Teague akawa wa kwanza kuifikia. Septemba mwaka ule ule Jeremy Irish aliufungulia mchezo tovuti, wakati ambapo vificho vilivyojulikana vilikuwa 75, na leo duniani kote vinapita milioni 3.

Walakini asili ya adabu yake ni kongwe kuliko setilaiti. Mwaka 1854 James Perrott, kiongozi wa watembeaji katika nyika za Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliweka chupa penye Cranmere Pool, mahali palipokuwa pagumu kufikiwa, ili afikaye aache humo kadi yenye jina lake. Na baadaye ikawa desturi ya watembeaji wa nyika zile kuacha barua na kadi za posta katika vyombo kama kile, ambazo mgeni afuataye alizichukua na kuzipeleka posta. Watu wale hawakujuana. Mmoja aliiamini mikono ya mwenziwe asiyemwona, naye mwenziwe, ambaye angeweza kuitupa barua njiani pasi na mtu kujua, aliifikisha. Msingi wa jambo zima ni huo.

Maandishi ya mchezo huu ni ya namna mbili, na taksiri nyingi hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni jina katika daftari ya karatasi, ambayo pengine si daftari bali ni ukanda mwembamba uliokunjwa ndani ya kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Hiyo ni shahada ya kwamba mkono wa fulani umefika. Ya pili ni habari iandikwayo tovutini, na hiyo si shahada ya mwandishi tu bali ni amana ya atakayefuata: mwenye kificho huisoma apate kujua kama mali yake iko salama, na mtafutaji wa kesho huisoma apate kujua kama safari yake ina faida. Anayeiandika kwa ajili ya kuongeza hesabu yake tu, hesabu ambayo tovuti huionyesha kando ya jina lake kama nishani, ametumia mali ya jamii kwa haja ya nafsi.

Kanuni za mchezo humruhusu mtafutaji aliyekosa aandike waziwazi kwamba hakukiona kificho, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari iliyo adimu na yenye manufaa kupita zote. Aliyekipata ameeleza kwamba kipo, basi. Aliyekikosa, kwa kutaja siku aliyofika na hali aliyoikuta, mti uliokatwa, ukuta uliobomolewa, mto uliopanda ukingo wake, humwamsha mwenye kificho ambaye pengine anakaa mbali na hana habari kwamba maji yamekichukua. Watatu wakiandika hivyo mfululizo, mwenyewe huvaa viatu akaenda kutazama. Wasipoandika, watatu wale hugeuka thelathini, na kila mmoja wao hupoteza siku yake palipo patupu, akidhani kwamba kasoro ni ya macho yake.

Mbona basi wengi hawaandiki? Wako wasemao kwamba hawakutafuta kwa bidii, kwa hiyo safari yao haihesabiki. Hao ni wepesi kuwajibu, maana aliyetafuta kidogo na aandike kwamba alitafuta kidogo. Wako waonao haya, hasa kificho kinapokuwa kimepewa daraja ya 1 katika ugumu, ambao hupimwa kutoka 1 hadi 5, na watoto wa shule wamekipata jana yake. Na wako wenye hoja ya kustahiwa zaidi: kampuni iendeshayo mchezo hupima hali ya vificho kwa hesabu ya mashine, ambayo habari za kukosa ni miongoni mwa vipimo vyake, na mwenye kificho aweza kuletewa ilani ya kumtaka akakikague, ilhali kificho ni kizima na mtafutaji ndiye ambaye hakutazama vema. Hoja hiyo naistahi, lakini siikubali. Kosa la mashine lina wenyewe wa kulitengeneza, wala halitengenezwi kwa watu kunyamaza. Na mwenye kificho aliyeletewa ilani bure hakupata dhara kubwa kuliko kutembea mpaka kwenye kitu chake, jambo aliloahidi kulifanya tangu siku ya kukiweka.

Kinyume cha unyofu huo ni tendo ambalo wachezaji wenyewe hulinung'unikia sana. Mtu hutafuta, hakioni, hutoa mfukoni kichupa alichokuja nacho, hukiacha palepale, hutia jina lake ndani yake, kisha hutangaza kwamba amepata. Naye akiulizwa husema kwamba amemsaidia mwenye kificho. Msaada gani huo? Hajui kama cha asili kimepotea, na mara nyingi kipo, hatua mbili kando, hata sasa mahali pamoja pana vificho viwili, watafutaji wafuatao hawajui waandike katika kipi, na mwenyewe hajui ni orodha ipi iliyo ya haki. Fauka ya hayo, mtu huyu amepata nini? Amepata kitu alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuhitaji setilaiti hata moja.

Naikiri tofauti moja. Katika jangwa la Nevada, kando ya barabara iitwayo Extraterrestrial Highway, vilipangwa vichupa zaidi ya elfu moja, kimoja mbali na mwenzake takriban mita 161, ambao ndio umbali mdogo kabisa uruhusiwao. Watu huendesha gari usiku na mchana ili kuvimaliza, na waliovipanga waliridhia kwamba kinachokosekana kibadilishwe na yeyote apitaye. Penye mapatano hapana hadaa, ingawa mimi siuoni utamu wa kuokota kitu kile kile mara elfu. Ubaya ni kuichukua desturi ya jangwani na kuipeleka katika msitu wa mtu ambaye hakuridhia.

Liko na suala la mti, ambalo limezua ikhtilafu kubwa kuliko ukubwa wake. Kificho kimetundikwa juu, mtafutaji yuko chini, anakiona kwa macho yake, hawezi au hathubutu kupanda, je, amekipata? Kanuni yasema jina liwemo daftarini, na mimi nasimama na kanuni. Wapandao Kilimanjaro hutia majina yao katika daftari ya kila kambi wafikapo, na askari wa hifadhi huisoma ajue nani yuko wapi mlimani. Hakuna mwenye akili timamu ajiandikishaye katika kambi ambayo aliiona kwa mbali akarudi. Kwa aliyekuja na wenzake sina ukali huo. Mmoja akipanda, akaandika majina ya wote, na wale wengine walisoma ramani, walibeba kamba au walishika ngazi, wote wamefanya kazi na wote wana haki. Lakini yule aliyebaki garini akisinzia, ambaye jina lake limeandikwa kwa hisani ya rafiki, angejistahi lau angenyamaza.

Mahali pengine hapana chombo kabisa. Tangu mwaka 2004, kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, kumekuwa na vituo ambavyo mgeni huenda kutazama miamba, maporomoko au volkano, hujibu maswali ya mwenye kituo kwa kumtumia ujumbe wa faragha, kisha huandika kwamba amefika. Hapa hakuna karatasi ya kumsuta mwongo, na yuko ayatafutaye majibu yote naye amekaa sebuleni. Adabu iliyobaki ni ya dhamiri, na nyongeza yake ndogo ni kwamba majibu yasimwagwe hadharani. Kadhalika katika vificho vya kawaida: dokezo la mwenye kificho huandikwa kwa herufi zilizosogezwa hatua 13 katika alfabeti, ili asiyetaka kulisoma asilisome kwa ajali, sembuse wewe mpitaji kubandika picha ya jiwe lenyewe lililokifunika.

Sijasema juu ya shukrani. Kuna herufi nne za Kiingereza, TFTC, ambazo wachezaji huzitumia kufupisha asante ya kificho, na mtu aliyepata vificho hamsini kwa siku moja huzinakili mara hamsini. Mwenye kificho alitafuta mahali pazuri, aliomba ruhusa ya mwenye shamba, alinunua chombo kisichovuja, alirudi mara kadha kubadilisha karatasi iliyolowa. Ujira wake wote ni kusoma maneno ya wageni wake. Kumpa herufi nne ni ubahili. Sidai insha, sentensi mbili zenye habari ya kweli, kwamba palikuwa na tope, kwamba mtoto alicheka alipofungua kifuniko, kwamba daftari inakaribia kujaa, zatosha na kubaki.

Wenye vificho nao wasijione watakatifu. Wamepewa uwezo wa kufuta habari za uongo, na wako waliougeuza uwezo huo kuwa ufalme: palikuwa na zama ambapo mwenye kificho aliweza kumtaka mgeni atunge shairi au apigwe picha na kofia ya ajabu, la sivyo jina lake lifutwe, mpaka kampuni ikaondoa masharti hayo mwaka 2009, na ikafanya vema. Anayetaka kufuta na amwandikie kwanza mhusika kwa upole, maana pengine jina limo daftarini ila mvua imelifuta wino, au kalamu ilikauka na mtu akapiga picha ya karatasi kwa nia safi.

Msomaji ambaye jamaa zake wakaao Ujerumani, Uingereza au Kanada watamchukua siku moja kwenda msituni kutafuta kificho, na wakatafuta mpaka giza likaingia wasikione, namsihi awaambie waandike hivyo hivyo usiku ule ule, waeleze walikuta nini, na wasingoje mpaka siku watakapofaulu ndipo wamkumbuke mwenye kificho.