Skrini Darasani: Hofu za Wazazi Zijibiwe Moja Moja

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika madarasa ya kwanza ya shule za umma. Ahadi ya kampeni za mwaka 2013 ilikuwa vipakatalishi. Wanafunzi walipata vishikwambi, na walimu wakapewa kompyuta pamoja na projekta. Katika miaka michache vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Kisha Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, uliuhesabu umilisi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Kwa hiyo mzazi wa leo haulizwi kama skrini iingie darasani, kwa kuwa imekwishaingia. Kilichobaki ni masharti ya matumizi yake, na hapo ndipo hofu za wazazi zinapostahili kusikilizwa.

Hofu ya kwanza inahusu kusoma kwenyewe: je, mtoto anajifunza zaidi? Mradi wa kusoma na hisabati uitwao PRIMR ulilipima jambo hili Kisumu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Njia tatu zilijaribiwa: vishikwambi kwa maafisa wanaowatembelea na kuwashauri walimu, vishikwambi kwa walimu, na visomaji vya kielektroniki kwa wanafunzi. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita kwa kusoma wenzao wa shule zilizokuwa nje ya mradi. Hata hivyo, kumpa kila mtoto kifaa, njia iliyo ghali kuliko zote, hakukuleta faida iliyozizidi waziwazi zile mbili nyingine. Mpango wa kusoma wa Kenya uitwao Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifuata mkondo huohuo: mtoto alishika kitabu chake cha karatasi, na kishikwambi kikawa cha afisa mshauri. Peru nayo iligawa kompyuta kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, lakini tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona tofauti katika hisabati wala lugha. Kifaa hakifundishi chenyewe. Hufundisha mwalimu aliyeandaliwa, mwenye maudhui yanayofaa.

Karatasi nayo bado ina nguvu zake. Mapitio ya tafiti 54, yaliyochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha washiriki zaidi ya 170,000, yalionyesha kuwa msomaji huelewa zaidi maandishi ya maelezo anapoyasoma kwenye karatasi, hasa akiwa na muda mfupi. Mwaka 2023 serikali ya Sweden, nchi iliyotangulia sana katika madarasa ya kidijitali, ilitenga fedha za kurudisha vitabu vilivyochapishwa shuleni.

Hofu ya pili ni usikivu. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) walisema vifaa vya kidijitali huwatoa kwenye somo la hisabati, angalau katika baadhi ya vipindi. Asilimia 59 walisema hutolewa na vifaa vya wenzao. Tathmini hiyohiyo ilionyesha pia kwamba waliotumia vifaa kwa kujifunza hadi saa moja kwa siku walipata alama nyingi kuliko wasiovitumia kabisa. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kifaa ndicho kilicholeta alama, lakini zinatenganisha kifaa cha somo na kifaa cha mchezo. Ufaransa ilichukua hatua kwa sheria ya mwaka 2018 inayozuia simu za mkononi katika shule za msingi na za sekondari ya chini.

Hofu ya tatu ni macho. Kuangalia vitu vya karibu kwa muda mrefu huhusishwa na ongezeko la watoto wasioona mbali, na kitabu kilichosogezwa karibu na uso nacho kimo katika lawama hiyo. Kinga inayojulikana ni mwanga wa nje. Utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2015, uliwaongezea watoto dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu waliopata tatizo hilo walikuwa takriban asilimia 30, dhidi ya karibu asilimia 40 kwa wenzao. Shule inayokata muda wa mapumziko ili kuongeza muda wa kompyuta inapoteza mara mbili.

Hofu ya nne husahaulika kuliko zote, nayo ni siri za mtoto. Programu za masomo hukusanya majina, sauti, picha na mwenendo wa mtumiaji. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa 164 za elimu ya mtandaoni katika nchi 49, likaona kuwa karibu tisa katika kila kumi zilihatarisha au kukiuka haki za watoto kwa namna zilivyoshughulikia data zao. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2022.

Basi mzazi anayehoji vishikwambi si adui wa maendeleo. Kabla ya kununua kifaa au kufungua akaunti ya mwanafunzi, kila shule iwaandikie wazazi mambo manne: somo litakalofaidika na mwalimu aliyeandaliwa kulifundisha, dakika za matumizi kwa siku, muda wa watoto kukaa nje, na mahali data zao zitakapohifadhiwa. Shule isiyoweza kuyaandika hayo haijawa tayari kuwasha skrini.