Hukumu ya Ardhi ya Marsabit Itekelezwe

Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana zilitolewa kinyume cha sheria. Serikali ya Kaunti ya Marsabit, Mwanasheria Mkuu, Msajili Mkuu wa Ardhi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zilipewa mwaka mmoja kurekebisha kasoro hizo, la sivyo hatimiliki zifutwe. Mwaka ukaisha. Ombi la kuongezewa muda likakataliwa mwaka 2023.

Kukata rufaa ni haki ya mdaawa yeyote. Kupuuza amri ya mahakama si haki ya taasisi yoyote ya umma.

Thamani ya umeme wa mradi huo haina ubishi. Mitambo yake 365 iliyoko Loiyangalani ina uwezo wa megawati 310, na Kenya sasa imeunganishwa kwa nyaya na Ethiopia na Tanzania. Kwa sababu hiyo, namna Marsabit ilivyopoteza ardhi yake inazihusu pia nchi jirani zinazosaka wawekezaji wa upepo.

Ardhi ile ilikuwa ya amana. Lililokuwa Baraza la Kaunti liliishikilia kwa niaba ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Sheria ilidai tangazo rasmi, wenyeji wasikilizwe na fidia ipangwe, na mahakama ikaona utaratibu huo haukufuatwa. Mfugaji aliyehamisha ngamia wakati wa kiangazi hajaitelekeza ardhi yake. Wala haitoshi kusema kwamba mifugo bado inapita katikati ya mitambo: ruhusa ya kulisha si umiliki, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Eneo la mitambo yenyewe ni takriban ekari 40,000. Wenyeji wana kila sababu ya kuuliza zilizosalia zilichukuliwa za nini.

Uzembe huu haukuishia kwenye ardhi. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018 baada ya mkandarasi wa Uhispania kufilisika. Mabilioni ya shilingi yakadaiwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Wananchi waambiwe nani aliidhinisha masharti hayo ya malipo bila uhakika wa laini.

Nyaya za laini hiyo ni za kilovolti 400. Haziwezi kumwashia taa mwanakijiji anayeishi chini yake pasipo kituo cha kupoza umeme, na kituo hujengwa pale tu serikali inapoamua kukijenga.

Njia nyingine ipo. Katika mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado, wenye ardhi walikodisha mashamba yao wenyewe na jamii ikapata hisa asilimia 5. Kinangop, mgogoro wa ardhi uliua mradi mzima wa upepo mwaka 2016. Serikali imeona yote mawili.

Ardhi ya Marsabit isajiliwe kwa jina la jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kisha mkataba wa kukodisha ujadiliwe upya na wenye ardhi wakiwa mezani. Ekari zisizotumika zirudishwe. Bunge la Taifa na Bunge la Kaunti ziwaite wakuu wa taasisi nne zilizoamriwa, waeleze kwa tarehe na kwa nyaraka walichofanya tangu siku ya hukumu.